Ndoo Mlangoni kwa Kristina Mwalongo

Jumamosi, tarehe 9 Juni 2001, Kristina Mwalongo alitangazwa kufa mbele ya lango la depo ya mafuta, Makambako, akiwa amesimama wima na ndoo ya maji kichwani.

Aliyetangaza kifo hicho ni Abdulsalam Miraji, mkuu wa usalama wa depo, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni. "Mama, wewe umeshakufa," alimwambia. Kisha akawageukia waliokuja nyuma ya Kristina, kila mmoja na ndoo, beseni au dumu. "Na ninyi wote. Mmekufa."

"Mimi leo siwezi kufa," akasema Methodi, fundi seremala, huku akihema. "Nina kabati la watu halijakwisha."

Watu wakaangua kicheko. Kristina hakucheka. Kwao Matembwe mtu hatamkiwi hivyo usoni, tena na mtu mdogo kwake kwa umri.

Lilikuwa zoezi. Tangu biashara ya mafuta ifunguliwe kwa watu binafsi, malori ya petroli yalikuwa yameongezeka mjini, na mfanyabiashara mmoja akajenga matangi juu ya mtaa wa akina Kristina, penye mteremko. Abdulsalam aliletwa kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akifanya kazi kwenye gati la mafuta bandarini. Huko walifanya mazoezi ya kuyazungushia mafuta maboya marefu ya mpira yasisambae baharini, na asiyehusika aliondoka mara moja. Makambako hakuna bahari. Kuna mfereji wa maji ya mvua unaotoka depo na kupita nyuma ya nyumba za watu. Wiki moja kabla ya zoezi alipita mlango kwa mlango akieleza: rimu ya lori iliyoning'inizwa langoni ikigongwa, kila mtu apande hadi uwanja wa mpira, upande unakotoka upepo. Watu waliitikia vizuri. Rimu ilipogongwa, mtaa mzima ulikimbilia langoni.

Haukuwa ubishi. Kwa watu wa huku, kengele ikilia nje ya saa yake haimfukuzi mtu, inamwita. Kristina alilijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1986 paa la nyasi la nyumba yake huko Matembwe lilishika moto, yeye akiwa shambani na binti yake mchanga, Jasmine, amelala ndani. Kengele ya kanisa ikagongwa. Aliyejitosa ndani na blanketi lililoloweshwa akamtoa mtoto alikuwa jirani ambaye hawakuwa wakisemezana naye, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tangu siku ile Kristina hakulala bila ndoo iliyojaa kando ya mlango. Alipohamia Makambako, ndoo ilihama naye.

Jumatatu iliyofuata Abdulsalam alibisha hodi.

"Kamwene, mama." Salamu ya Kibena alikuwa ameshajifunza.

"Kamwene. Karibu, marehemu yupo."

Aliomba radhi kabla hajaketi. Kisha akaeleza kwamba petroli haizimwi kwa maji; huelea juu ya maji na kusafiri na moto wake.

"Nimekuelewa," akasema Kristina. "Lakini kengele ilie, mimi niwape watu mgongo? Hao vijana wako wa depo hawana mama zao?"

Ilikuwa baridi ya Juni na upepo wake, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka kati yao. Abdulsalam akachungulia nje. Kila nyumba iliyopakana na mfereji ilikuwa inafuka moshi.

"Petroli itateremka na huo mfereji," akasema polepole. "Mvuke wake utaingia humu, na hili jiko ndilo litakalotuua. Wewe, mimi, na hao vijana. Hiyo ndoo usiniletee, mama. Imwage hapa."

Kristina aliliangalia jiko. "Halafu?"

"Halafu jiko la jirani. Halafu mpande wote."

"Hapo sasa umesema, mdogo wangu."

Siku yenyewe ilikuja Julai, alasiri, Kristina akichemsha maharage. Lori lililokuwa likirudi nyuma liligonga bomba la kupakia, petroli ikashuka mferejini. Rimu ikalia. Alikwisha kushika njia ya langoni na ndoo yake ndipo akageuka. Maji yaliingia jikoni kwa kishindo, majivu yakamjaa usoni.

"Zimeni moto!" alipiga kelele akipita vyumbani kwa watu. "Zimeni, mtoke!"

"Na gundi yangu je?" Methodi akauliza, sufuria ya gundi ya mbao ikiwa motoni.

"Utazikwa nayo. Zima!"

Walipanda uwanjani wakiwa wamebeba wazee na watoto. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwa Kristina: kusimama mikono mitupu na kutazama. Chini kule Abdulsalam na wenzake walikuwa wakirusha mchanga, wameingia kwenye petroli hadi vifundoni.

"Na wale nani anawaendea?" akauliza.

"Kaa chini, mama Jasmine," Methodi akasema. "Ukishuka utakufa mara ya pili."

Hakuketi, wala hakushuka. Mchanga ukauziba mfereji nyuma ya nyumba yake. Moto haukuwaka.

Kisha Abdulsalam akaletwa akishikwa mkono, macho kayafumba. Petroli ilikuwa imemrukia usoni.

"Maji," akasema yule aliyemshika.

Watu wakatazamana. Ndoo chache walizopanda nazo zilikuwa tupu. Kristina alinyakua ya karibu akakimbilia bomba la shule, ng'ambo ya uwanja.

"Mmezima majiko yote?" Abdulsalam akauliza alipohisi mkono wa Kristina shavuni.

"Yote."

"Basi hakuna aliyekufa."

"Nyamaza wewe. Fungua macho."

Jicho la kulia limepona. La kushoto bado lina ukungu, na anakwenda kuangaliwa hospitali Njombe mjini kila wiki.

Zoezi linalofuata ni Jumamosi, tarehe 1 Septemba. Siku hizi mlangoni kwa Kristina kuna ndoo mbili. Rimu ikigongwa, moja ataimwaga jikoni. Ya pili atapanda nayo uwanjani.