Mwanga Asiyeonekana

Nilipofika Ushirombo kwa likizo, hakuja mtu kunisalimia. Nilikaa uani kwa mama hadi soda za wageni zikapata joto, nikajiuliza majirani nimewakosea nini. Hata jumuiya ya kanisani, iliyokuwa ikisali kwetu kila zamu ikifika, safari hii iliiruka nyumba yetu. Mama hakutaka kusema kwa nini. Ni mjane, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, na kwetu macho hayo kwa mama mzee si jambo la mzaha. Wapo waliouawa kwa macho hayo tu, wakiitwa wachawi. Niliogopa.

Nikamfuata mwenyekiti wa jumuiya jikoni kwake, akipika maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitika huku akitazama pembeni. "Mama yako alisimama kutoa shukrani. Akasema huko Ulaya unafanya kazi na mwanga asiyeonekana."

Nilitaka kucheka. Mwanga *usioonekana*! Mama lugha yake ni Kisumbwa, Kiswahili chake ni cha kanisani. Kateleza ulimi kidogo tu, nuru ikageuka mchawi.

Nikaeleza kwamba ni leza, mashine ya kutoa mwanga, na mwanga wenyewe ni ule uliopita zambarau, unaoitwa urujuanimno.

"Umeshamwona?"

"Haonekani, mama," nikasema, na mimi nikawa nimeteleza.

"Anakaa wapi?"

"Kwenye chombo tulichokinyonya hewa yote. Hewa ikiwepo, inaumeza."

"Humo anafanya nini?"

"Tunapiga nao picha za vitu vidogo mno. Tunachora mistari ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona."

Akajivuta nyuma na kiti chake. Nilichojibu kilikuwa kweli tupu, na kila kweli ilizidi kutuharibia. Nilianza kujisikia ninavyosikika. Mtu mzima, na shahada zangu, nimechanganyikiwa mbele ya sufuria ya maharage.

Nikakata tamaa. "Mistari hiyo ndiyo inayoingia ndani ya simu."

"Ala! Kumbe fundi simu! Si ungesema!" Akacheka mpaka akafuta machozi, na wiki hiyo hiyo jumuiya ikaja kusali kwetu. Watu walikunywa zile soda na kuniletea simu zao mbovu.

Walipoondoka nikamwambia mama, kwa upole, kwamba siku nyingine aseme usioonekana, asiseme asiyeonekana.

Mama akaendelea kukusanya chupa za soda.

"Baba, sikukosea. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba huyo mwanga bado hajakudhuru."