Tumbo Lililoshonwa Halina Kosa

Nakumbuka alasiri moja hapa Kaole, mwanangu Zuhura, wifi yangu aliponishika tumbo mbele ya wageni na mshono bado mbichi. Nilikuwa mwanamke mdogo, nimeolewa juzijuzi, nimetoka hospitali kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Leo nina wajukuu, na nikiukumbuka mkono ule bado kifua kinawaka. Nakusimulia haya kwa hasira, wala sitaificha. Jana nilipokuja kukuangalia huko mjini, mama yako alifungua bandeji nikaona kidonda ulichopasuliwa kidole tumbo, kilichokuwa kinafunga vizuri, kimeanza kuachia na kutoa maji. Nikamuuliza huyo mama yako, mdogo wangu, huyu mtoto anakula nini? Akainua mto wako, akanionyesha pakiti ya majani ya kupunguza tumbo.

Enzi zetu mtu akipasuliwa tumbo, wanawake wa nyumbani walimuuguza kama mzazi. Haikujali ametolewa mtoto au ametolewa nini. Nikakandwa miguu na kiuno, nikanyweshwa uji wa pilipili manga unaoelea samli, mchana supu ya kuku, jioni wali wa nazi, na katikati yake maandazi ya kila aliyekuja kunijulia hali. Daktari alisema nitembee kidogo kidogo kila siku, na nisinyanyue ndoo. Wao walisikia hilo la ndoo tu. Nikishusha mguu kitandani, naambiwa lala, utafumuka. Nikalala. Mashavu yakajaa, mikono ikajaa, gauni langu la sikukuu likagoma kupita mabegani. Hayo ningeyavumilia, kama watu wangenyamaza.

Mwanahamisi hakunyamaza. Huyo ndiye wifi yangu, dada wa mume wangu. Na wifi ni mtani, unajua mwenyewe. Anasema atakalo na wewe huna ruhusa ya kununa. Aliingia na wenzake, akaniwekea kiganja juu ya kanga, hapa, kando ya mshono, akasema, "Wifi, hao madaktari walikutoa uvimbe au walikupandia mapacha?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nikacheka nao. Nilicheka machozi yananitoka, wakadhani ni ya kicheko. Mtu anaomba Mungu kila sala apate mtoto, hajui hata kama kizazi chake kitafaa tena, halafu anaulizwa mapacha. Toka siku ile sikutaka kuonekana. Kutembea nikaacha, maana njia inapita kwenye mabaraza ya watu. Kula nikaacha pia, kimya kimya, nikawa naigusagusa sahani kisha nasema nimeshiba.

Aliyegundua ni Bibi Mwanaidi, mama yake mama yetu, aliyetoka Mkange kuja kuniuguza. Alifungua kitambaa, akakuta usaha. Akaniuliza unakula? Nikamwambia ukweli, kwamba nataka nipungue kwanza. Alisafisha, akafunga, akaenda kukaa mlangoni kusuka ukili wake.

Haikupita muda Mwanahamisi akarudi. Hata viatu hajavua, akaanza: "Haya, mapacha wanaendeleaje?"

Sasa mjue Bibi. Alikuwa mtu ambaye hata kuku alimswaga kwa upole. Siku hiyo alisimama, akamwambia, "Rudi ulikotoka."

"Bibi, mimi mtani wake," Mwanahamisi akasema, bado anacheka.

"Mtani ukimtania anainuka, na yeye anakutania, mnamaliza, mnakula pamoja. Huyu hata kukaa hawezi. Hali chakula kwa sababu ya maneno yako, na kidonda kimeoza. Huo si utani, unampiga mgonjwa. Toka."

Alitoka. Mgeni kafukuzwa mchana kweupe, tena dada wa mwenye nyumba. Kwa watu wa pwani hii hilo si jambo dogo. Niliogopa mume wangu atanirudisha kwetu. Alipoelezwa aliinamisha kichwa, akasema dada yake amezidi.

Lakini Bibi hakuwa amemaliza. Alinigeukia mimi. "Na wewe," akasema. "Una hasira, naiona, na ni haki yako. Lakini umeipeleka wapi? Umeipeleka tumboni. Tumbo limekukosea nini? Limekatwa, limeshonwa, linahangaika kujiunga, halafu wewe unalinyima chakula. Aliyekukosea ameshiba, yuko barazani kwake. Wewe ndiye unayekufa."

Akaleta samaki wa kuchemsha na mchicha, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Ikawa hivyo kila mlo. Kidonda kilipokauka akaninyanyua tukaanza kutembea, kwanza hadi kisimani, baadaye hadi msikitini. Kwenye baraza la Mwanahamisi nilitaka tuzunguke nyuma ya nyumba, Bibi akakataa. Tukapita pale pale. Nikasalimia kwa sauti, nikaendelea na safari yangu, wao wakabaki wananitazama.

Sitakudanganya kwamba nilirudi kuwa mwembamba. Mwili mwingine ulipungua, mwingine ndio huu unaouona. Watoto Mungu alinipa. Mwanahamisi naye amekufa hajaniomba radhi. Nimemsamehe, lakini si yote. Kidogo nimekibakisha, na Mungu anajua.

Sasa nimeliona hilo kundi lenu la ukoo la kwenye simu. Binamu yako kaweka picha yako, kaandika "Zuhura sasa pipa", na watu wazima, wengine nimewabeba mgongoni mimi, wameweka vile vikatuni vya kucheka. Nimewapigia mmoja mmoja. Picha imeondolewa. Aliyeniambia ni utani tu, nilimjibu maneno yaliyonilazimu kutawadha upya.

Wao nimemalizana nao, umebaki wewe. Yale majani nimeyatupa chooni, usinitafutie. Mwanangu, mwili uliolazwa kitandani unaongezeka. Haukufanyi mvivu wala mbaya. Utapungua kwa wakati wake, na usipopungua utaishi nao kama ninavyoishi mimi. Kwanza kidonda kifunge, na hakifungi kwa njaa. Kula. Tembea kama daktari alivyokwambia, hata kama ni kutoka kitandani hadi uani, hata kama majirani wamekaa wanahesabu mashavu yako. Kuna asubuhi utaamka umekata tamaa, hutaki hata kufungua dirisha. Asubuhi hiyo nipigie, nitakuja. Na hasira usiimeze. Kasirika mpaka uchoke, lakini mkasirikie mtu mwenye mdomo, aliyekukosea. Tumbo lako liache lipone.

Mungu akufunge kidonda hicho, mwanangu. Akupe usingizi wa kugeukia ubavu uupendao, akupe ulimi wa kuwajibu, akupe umri mrefu, uwe wewe utakayenizika mimi, nisiwe mimi wa kukuzika wewe. Amin.