Kapsuli Nyekundu na Posa ya Binti Yangu

Nilipoolewa Kihanga kutoka Songambele, vijana walikuwa wanarudi kutoka vitani Uganda. Sikuja na mengi. Wazazi wangu walitoka Rwanda kulima vibarua, na mama mkwe hakuchoka kunikumbusha. Hilo nililizoea. Jambo ambalo sikuthubutu kumwambia mtu ni kwamba nilikuwa na kifafa. Masista wa hospitali ya misheni walinianzishia vidonge vyeupe nikiwa msichana, na tangu hapo sikuanguka tena. Vidonge nilivifunga kwenye pindo la kanga. Kila nilipokwenda mjini kuuza maharage nilipitia kuchukua vingine, nikavimeza kwa kujificha kama mwizi wa ndizi. Mume wangu alikufa bila kujua.

Kwetu wakati ule mwenye kifafa alikuwa na sahani yake peke yake. Akianguka watu walikimbia, maana walisema ukikanyaga povu lake na wewe umelipata. Binti wa mwenye kifafa haolewi. Nami nilikuwa na binti mmoja tu.

Mume wangu alikufa kwa Ukimwi, ambao siku zile tuliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyoingia kutoka Uganda. Msibani tulisema malaria, na waombolezaji kwa adabu zao wakaitikia malaria. Miaka michache baadaye nikaanza kukohoa mimi. Zahanati wakasema kifua kikuu. Miezi miwili ya kwanza nilitakiwa kwenda kila asubuhi, nimeze dawa mbele ya nesi, na mojawapo ilikuwa kapsuli nyekundu. Nesi alinionya kwamba mkojo ungekuwa mwekundu, nisishtuke. Hakuniuliza kama nilikuwa natumia dawa nyingine. Na hata angeniuliza, pale kwenye benchi, majirani wakiwa wametega masikio, ningesema sina. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kuchomwa sindano za mgongo, kwa sababu kila mtu alishajua kuwa kifua kikuu kwa mjane wa aina yangu kina maana gani.

Ilikuwa ni wakati huohuo binti yangu alipopata mchumba, fundi baiskeli wa Kiruruma. Alimpenda. Mama huwa anaona: kengele ya baiskeli ikilia barabarani, mtoto anaunguza maharage. Siku mshenga alipokuja mara ya kwanza, nilianguka jikoni hata kabla sijamwamkia. Nilipozinduka nikasingizia njaa. Lakini moyoni nilichanganyikiwa, maana vidonge vyangu sikuwa nimeviruka hata siku moja.

Siku ya kuleta pombe tulitandaza nyasi mpya sakafuni. Wageni waliketi, kibuyu cha rubisi katikati yao. Nilikuwa nawapelekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, jinsi mgeni anavyopokewa kwetu. Nakumbuka mkono wa mshenga ukinyooka kuchukua. Nilipofumbua macho punje za kahawa zilikuwa kwenye nywele zangu na chumba kilikuwa kitupu. Wageni walikuwa wamesimama nje migombani kama watu waliokimbia nyuki. Binti yangu peke yake ndiye aliyebaki, amenishika kichwa. Nilikuwa nimejikojolea, na nyasi zilikuwa nyekundu.

"Damu!" mtu alisema mlangoni. "Hiki si kifafa. Hapa pana neno."

Nilijua ni ile kapsuli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kueleza ule wekundu ningelazimika kutaja kifua kikuu, na kifua kikuu kingemfukua marehemu na malaria yake. Kueleza kuanguka ningelazimika kutaja kifafa. Kila ukweli niliokuwa nao ungemvua nguo mwanangu mbele ya wakwe. Basi nikafumba macho tena, mtu mzima mimi, nikajifanya bado sijitambui.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekata shauri baada ya wageni kuondoka. "Angalia, shemeji," alisema. "Mshenga akija, unaanguka. Pombe ikija, unatoa damu. Marehemu hamtaki kijana huyu. Tukiinywa rubisi yao, tutakuzika."

Wazee wakaitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Marehemu kukataa posa ni jambo lenye heshima yake, linaweza kuikuta nyumba yoyote. Nikajiambia kwamba wachumba hawaishi, mtoto atapata mwingine.

Mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amesimama karibu na mlango, bado ana madoa mekundu kwenye gauni alilovaa kwa ajili ya wageni. "Baba mkubwa," akasema, "rudisheni vitu vyao. Mama apone."

Vikarudishwa: kibuyu kikiwa hakijafunguliwa, majembe, na blanketi langu la mama mzaa bibi harusi. Haukupita muda mrefu miezi yangu miwili ikaisha, nesi akabadilisha dawa, kapsuli nyekundu ikaondoka. Sikuanguka tena. Shemeji alitembea kijiji kizima kifua mbele, na ilifika mahali na mimi nikaanza kumwamini. Fundi baiskeli alioa kwingine. Kwa binti yangu hakuja mtu, kwa sababu habari ya nyasi zile ilikuwa imefika kila kilabu cha pombe.

Miaka kadhaa baadaye, dawa za kurefusha maisha zilipofika kwetu, afya yangu ilikuwa imezorota, na binti yangu akanipeleka. Daktari alikuwa msichana tu. Alifunga mlango kwanza, ndipo akauliza, "Shikamoo mama. Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?" Labda ni ule mlango. Nikafungua pindo la kanga, nikamwekea vidonge mezani.

Alivitazama, akaniambia hivyo havikai pamoja na dawa anazotaka kunipa. Vingelifanya ini lizimalize haraka kabla hazijafanya kazi, kwa hiyo atanibadilishia dawa ya kifafa. Kisha akauliza kama nimewahi kutibiwa kifua kikuu. Nikamwambia ndiyo. "Basi wakati ule lazima ulianguka sana," akasema, huku akiandika. "Ile kapsuli nyekundu ndivyo inavyovifanyia vidonge hivi. Inavimaliza nguvu. Ungewaambia tu, wangekuongezea dozi."

Ungewaambia tu. Nilikaa pale nikamuomba maji ya kunywa, nikayanywa polepole, kwa sababu sikutaka kutoka nje.

Nje, binti yangu alikuwa benchini anazungumza na mama mmoja mgonjwa. Wenzake wa rika lake walikwisha kuwa na watoto wa shule. Nilisikia sauti yake kabla hajaniona, na ilikuwa na furaha ile anayokuwa nayo kila anapoisimulia habari hii.

"Alikuwa anaanguka, anatoa damu," alikuwa anasema. "Nikamwacha mchumba wangu, na mama akapona palepale. Mpaka leo hajaanguka tena."

Yule mama akanitazama. "Dada, umezaa mtoto," akaniambia.

Binti yangu aliniangalia, anasubiri nijibu.

"Ndiyo," nikasema. "Huyu ndiye aliyeniponya."