Naibu Waziri Aliyeitwa Kutafsiri

Kabla ya kuwa naibu waziri wa maji, alikuwa fundi wa pampu kwa miaka ishirini na miwili, na mtaani walimwita Bwana Valvu. Alikuwa Mwarabu, ila Kiarabu chake kilikuwa cha salamu na dua tu. Walimpigia kura ya ubunge kwa sababu mitaa ya mlimani ilikaukiwa maji kila wiki, naye alijua kwa nini: pampu ilikuwa imechoka.

Alipoteuliwa naibu waziri, aliingia wizarani na michoro ya pampu mpya kwapani. Mwezi wa kwanza aliitwa mara nane na waziri, zote kupokea wageni Waarabu. Kikao cha mipango kilipofikia pampu yake, katibu akachungulia mlangoni.

"Mheshimiwa, wageni wamefika. Njoo ututafsirie."

"Mkalimani si yupo?"

"Lakini hao ni wenzako."

Akaenda, akababaisha mpaka wageni wakahamia Kiingereza kwa huruma. Aliporudi, pampu ilikuwa imesogezwa mbele, eti mhusika hayupo.

Nyumbani akakuta shemeji yake anamsubiri. "Tulikupeleka utusaidie sisi Waarabu, wewe unapiga picha na wageni tu! Na huko nje wanasema umejaza ndugu zako wizarani."

"Ndugu gani?" akafoka. "Mpwa wangu nimemnyima kazi, dada yangu hanisemeshi hadi leo!"

Akakaa kuandika barua ya kujiuzulu. Mkewe, muuguzi, akaisoma, akaikunja.

"Wodini tunanawa kwa kopo, mume wangu. Ukiondoka, nani ataisemea hiyo pampu? Rudi kwenye kiti chako."

Kikao kilichofuata, katibu akachungulia tena. "Mheshimiwa, wageni..."

"Sitoki."

"Waziri mwenyewe kaagiza."

"Mwambie niko kazini. Nikitoka humu leo, ndiyo nimetoka moja kwa moja."

Mwenyekiti akakohoa, akafungua ukurasa wa pampu. Ikapita kabla ya chakula cha mchana.

Miezi minne baadaye baraza la mawaziri lilipangwa upya, jina lake halimo. Nafasi ya "jamii yake" alipewa mfanyabiashara anayekimwaga Kiarabu kama maji. Kwa waandishi wa habari hakusema kitu. Jikoni alilalamika wiki nzima, mpaka mkewe akahamia kwa jirani kumenyea vitunguu.

Pampu ilipozinduliwa hakualikwa. Alikwenda hivyo hivyo, akapenya umati, akasikiliza mtetemo, kisha akamwambia fundi, "Nati ya kushoto imelegea."

Fundi akaipapasa. Kweli, ilikuwa imelegea.