Mama Aliyezimia Angani

Juzi, ndugu yangu, nilikuwa napitapita Mwisenge, nikakikuta kile kitabu kwenye meza ya vitabu vya mtumba. Jalada lilelile: chombo cha angani, wanaume sita wenye kofia za kioo, na nyuma yao mwanamke mmoja, mdomo wazi. Nilicheka mpaka muuzaji akaniuliza kulikoni.

Mara ya kwanza nilikishika kijijini Guta, enzi za vijiji vya ujamaa, nikiwa msichana wa darasa la saba. Kilikuwa cha Kiingereza; mwalimu wetu wa somo hilo ndiye aliyeniazima. Msimu wa pamba, bibi na majirani zake walikaa mkekani mchana wakichambua, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule, vumbi likituwasha pua na harufu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu ikitoka jikoni. Bibi akanipa sharti: niwasomee kwa Kiswahili, nao watachambua fungu langu. Hadithi ikiwachosha, narudi kuchambua. Na kazi ile niliichukia, sikufichi.

Siku ya kwanza tu mambo yakaharibika.

"Huyo mama anafanyaga nini humo?" bibi aliuliza.

"Anawachemshia wenzake kahawa. Kukiwa na hatari, anapiga kelele."

"Basi?"

"Na kuzimia."

Mikono yote ikasimama. Bibi alikuwa ameshika plau nyuma ya maksai tangu babu afariki. "Safari yote hiyo mtu mzima azimie tu? Asiyefanya kazi na asile! Funga kitabu, njoo uchambue."

Nikasema nimeruka ukurasa. Kuanzia hapo nikaongopa bila haya. Yule mama akapima mafuta, akaziba tundu, akamfokea nahodha. Majirani wakawa wanakuja mapema.

Siku moja mwalimu akapita, akakaribishwa mkekani. Tulikuwa tumefika pale chombo kinapoanguka. Kitabuni, mama anazimia mikononi mwa nahodha. Nikisoma kweli, bibi atanirudisha kwenye pamba. Nikiongopa, mwalimu atachukua kitabu chake. Nikamtazama bibi, nikasema: mama akamsukuma nahodha pembeni, akashika usukani, akakitua chombo taratibu.

Vigelegele! Bibi akamgeukia mwalimu. "Ndivyo kilivyoandikwa?"

Mwalimu akachukua kitabu, akausoma ukurasa polepole.

"Ndivyo, mama," akasema, akanirudishia. Kisha akajitia kusaidia, akachanganya fifi na safi, bibi akamkemea kama mtoto.

Nilikuwa na furaha kubwa siku ile, na bado ninayo nikikumbuka. Bibi tulishamzika, majirani wametawanyika, hata furu siku hizi ni wa kutafuta. Kitabu nilikinunua. Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule, ingawa nilijua kilichoandikwa, nikamtafuta yule mama kwenye usukani. Alikuwa bado amezimia.

Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni, kwa Kiswahili, jinsi alivyokitua.