Vyuma vya Mama

Mama alivunjika nyonga akimfukuza ndama shambani kwake Matete, nasi wanawe tukamleta kwangu Shirere, karibu na hospitali. Mfupa ulipona. Miguu ndiyo iligoma. Akishakaa, kumwinua ilikuwa kazi ya ukoo mzima na majirani wawili watatu. Na kule kwake anapikia chini, kwenye kigoda kifupi mbele ya mafiga. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Chekalini, akatoa hukumu kwa simu: mvua zikiisha kabla Mama hajaweza kuinuka kigodani bila kushikwa, ile nyumba itafungwa kufuli na ng'ombe atahamia kwake. Mama alinirudishia simu. Jioni ile hakugusa hata tonge la obusuma, ugali wetu.

Daktari wa mazoezi alikuwa amesema nguvu za mapaja na mikono zinaweza kujengwa nyumbani, mradi tununue vifaa vinavyomfaa mgonjwa. Hapo nikafurahi. Mimi nilimaliza sekondari ukubwani, kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na tangu nipate cheti kile sijaona kitu duniani kinachoweza kunishinda kuchagua.

Dukani mjini nilikuta mashine kubwa kama trekta, ina kamba, vyuma na kiti cha ngozi. Nikaipenda papo hapo. Ingeenea sebuleni kwangu vizuri kabisa, kama tungetoa makochi, meza na ukuta mmoja. Muuzaji, kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa, akauliza itatumiwa na nani. Nikamwambia ni mama yangu, ana miaka sabini na kitu. Akanishika kiwiko taratibu, kama anayemtoa ng'ombe kwenye mahindi ya jirani, akanipeleka kwenye rafu ya vyuma vidogo vya mkononi na kunionyesha vile vyepesi kabisa, vya rangi ya waridi.

Nikaona anamdharau mzazi wangu. Nikamweleza, wateja wengine wakisikiliza, jinsi mwanamke huyu alivyobeba debe la mahindi kichwani hadi soko la Matete, mtoto mgongoni, akipanda kilima ambacho mbuzi wenyewe hukipanda kwa maombi. Kilima chenyewe ni kidogo kuliko hivyo. Lakini mahindi yalikuwepo.

“Mkubwa, chukua hivi vya kilo mbili, utanishukuru,” akasema.

Nikachukua vya kilo kumi. Bodaboda iliyonirudisha Shirere ilikwenda gurudumu la mbele likikaribia kuaga barabara.

Niliviweka miguuni pa Mama kama mahari. Akainama kitini, akashika kimoja kwa mikono miwili, akavuta. Kilikaa sakafuni kana kwamba kimeota mizizi. Nikaanza kumtia moyo, nikamkumbusha debe lake na kilima chake. Akaniacha nimalize, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu aje kwangu.

“Baba, nani alikwambia niliinuanga debe? Nilikuwa natwikwa.”

Nikakaa chini. Maana jambo hilo nililiona utoto wangu wote. Kwetu hakuna mwanamke anayejipandishia debe kichwani. Anainama, wenzake wawili wanashika huku na huku, wanamtwika, halafu shingo na mgongo ndivyo vinavyomaliza safari. Akifika anatuliwa vilevile. Asipopata wa kumtwika atasimama kando ya njia na mzigo wake hadi apite mtu yeyote, hata yule waliyenuniana naye tangu Krismasi, na ugomvi mwingi wa kijiji chetu uliishia hapo. Mikono ya Mama haikuwahi kuinua ule uzito peke yake hata siku moja, na mimi nilikuwa nimemnunulia vyuma kwa kupima shingo yake.

Nikamuuliza, sasa akirudi kule, nani atamtwika?

“Sirudi kubeba debe,” akasema. “Narudi kukaa kwangu. Mimi nataka kuinuka tu.”

Kesho yake nikavirudisha vile vyuma. Muuzaji alinibadilishia bila maneno, ila aliuliza kile kilima kinaendeleaje. Safari hii nilimwambia kazi yenyewe: mzee anataka kuinuka kutoka kiti cha chini. Akanipa vya kilo mbili na mpira mpana wa kuvuta kwa miguu, akasema kingine chochote kitakuwa mapambo. Nyumbani nikapanga mablanketi juu ya kigoda hadi kikawa kirefu kama kiti cha mezani. Kila Mama alipokizoea, tuliondoa blanketi moja. Alivuta mpira wake redio ikitangaza vifo, kuanzia marehemu wa kwanza hadi wa mwisho, na matangazo ya vifo ya kwetu, pamoja na orodha ya wakwe na wajukuu, yanatosha kumjenga mtu misuli ya fahali.

Mvua zilipoanza kupungua, kaka yangu akaja Jumapili moja kujionea mwenyewe. Mama alikuwa kigodani, mablanketi yote yameondoka. Kaka akanyoosha mikono amsaidie.

“Usinishike.”

Akaegemea mbele, mapaja yakatetemeka, akarudi chini. Kaka alinitazama, mimi nikatazama dari. Mama akavuta miguu karibu na kigoda, akaegemea tena, akapanda polepole sana, magoti yakibishana, hadi akasimama wima mbele ya mwanawe aliyebaki amenyoosha mikono hewani. Akapumua kidogo.

“Hilo gari lako liko na mafuta ya kufika Matete?”

Kaka akasema yapo.

“Basi maliza chai,” akamwambia, akaenda chumbani kutafuta kitambaa chake cha kichwa.