Fundi wa Kuziba Sufuria

Fundi sufuria wa Ihanda huyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu, na vipande vya kuzibia huvibana menoni kama fundi cherehani abanavyo pini. Mikono ilipoanza kumtetemeka na majina ya wanawe kumpotea, alimnyooshea kidole jirani yake Mukantabana, mama yake Hirwa, kwamba kamroga. Kwa miaka miwili hakuna aliyekunywa maji kwa Mukantabana.

Leo fundi ametoka hospitali, kaja uani kwa Mukantabana, menoni hakubana kipande chochote.

“Mama Hirwa, damu yangu imejaa sumu ya risasi. Nilijilisha mwenyewe.”

“Kaseme kanisani, si hapa.”

“Nimetoka huko, nimeshasema. Nipe maji.”

Akashika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa mbele ya wapita njia. Mukantabana akashusha pumzi.

“Taratibu, baba. Uchawi wangu usije ukakupalia.”